Simu Inayojibonyeza na Meza ya Mlangoni

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mzee Gharib, fundi wa saa dukani kwetu, amestaafu. Leo asubuhi alifunga koleo zake na ile miwani yake ya jicho moja ndani ya kitambaa, akatuaga, akaenda zake Lamu kwa binti yake. Nilimlilia. Kwa muda mfupi. Kisha nikageuka kuitazama meza yake.

Meza ya mlangoni! Upepo unaingia wenyewe. Mwangaza wa bure. Kila apitaye kichochoro hiki cha nyuma ya Mtaa wa Biashara lazima akuone wewe kwanza, kabla ya makava, kabla ya chaja, kabla ya Bwana Ghulam mwenyewe mwenye duka. Na ng'ambo pale ndipo Mwende anapokaangia viazi karai. Kutoka meza yangu mimi naona ngazi, pipa la maji, na mgongo wa Umair.

Umair ni mpwa wa Bwana Ghulam. Fundi wa simu kama mimi, ila yeye ana hadubini na vyeti, na hushika simu kwa glavu utadhani anazalisha. Mimi, Nicodemus Kaingu, nimekaa duka hili tangu Umair akivaa kaptula ya shule. Hadubini ya nini? Mungu alinipa macho mawili na yote yanafanya kazi.

Kabla ya adhuhuri akaingia Bi Amtulla, mkewe Bwana Ghulam, simu ameishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. Simu hiyo mimi ndiye niliyeibadilishia kioo mwezi uliopita. Kioo cha OLED, chembamba, rangi zake zimekolea mpaka utamani kuzilamba. Kumbe simu inajibonyeza! Yenyewe! Hakuna kidole. Inafungua, inafunga, inaandika herufi ovyo, inapiga simu. Jana alikuwa jikoni na dada yake, akimwambia kwamba biriani ya Bi Munazza ni viazi vitupu, nyama uitafute kwa tochi. Simu ilikuwa kwenye chaja kando ya jiko. Ikampigia Bi Munazza. Bi Munazza akasikia yote, mpaka la tochi.

Sasa, Bi Munazza ni mama wa bwana harusi. Lamis, binti wa pekee wa Bi Amtulla, anaolewa wiki ijayo. Tangu jana Bi Munazza hapokei simu wala hajibu salamu. Ametuma neno moja tu: Jumamosi atakuja kula chakula cha mchana, amtazame usoni huyo anayemsema, kisha ataamua kama mwanawe ataoa nyumba hiyo au la. Bi Amtulla aliyasema haya huku akilia mbele ya wateja. Simu hii ikimpigia mwanamke yule mara nyingine, alisema, Lamis hana harusi.

Bwana Ghulam akakata hukumu palepale. Atakayeitibu simu kabla ya Jumamosi, meza ya mlangoni ni yake. Atakayeshindwa atabaki na pipa.

Nimeshinda tayari. Imebaki kujua vipi tu.

Jumanne, 9 Septemba

Umair alitaka kuifungua simu. Nikamzuia. Nilisema kazi ya fundi haifunguliwi na fundi mwingine, ni kufunua chungu cha mke wa mtu. Bwana Ghulam akakubali nianze mimi. Adabu ya ufundi bado ipo Mombasa!

Nitaandika jambo hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu. Ndani ya simu hizi, nyuma ya kioo, mna karatasi ya shaba. Nyembamba, inang'aa kama dhahabu, imebandikwa kutoka kwenye kioo hadi kwenye chuma cha mwili wa simu. Kazi yake hakuna. Ni pambo! Na nani anapamba mahali pasipoonekana? Ufujaji mtupu. Kwa hiyo kila nikibadilisha kioo huibandua nikaitia katika bati langu la biskuti. Nimekusudia kujitengenezea kibao chenye jina langu kwa herufi za kung'aa. Bati limekaribia kujaa. Ya Bi Amtulla imo humo, pana na safi. Umair akiona pengo lake ataanza maneno ya vyeti.

Na maneno aliyaleta vilevile, bila kuulizwa. Alisema chini ya kioo mna nyaya nyembamba zinazosikiliza kidole. Papo hapo kioo chenyewe kinachora picha kwa umeme, na umeme ule unazipigia nyaya kelele. Mgeni anabisha hodi taratibu, alisema, na nyumbani kwako mna ngoma ya harusi. Mara hutamsikia. Mara utafungua mlango na hakuna mtu. Vioo vya OLED ni vyembamba mno, ngoma na mlango vimekaribiana. Dawa ni kuipa kelele njia ya kutokea, au nyaya zisikilize pale ngoma inapopumzika.

Watu wawili waliokuja kununua chaja walisimama kumsikiliza, midomo wazi. Nikakohoa mpaka wakaondoka.

Upuuzi. Mgeni asiyetakiwa hufungiwa mlango, basi! Nimebandika protekta nene juu ya kioo. Na juu yake nyingine. Na ya tatu kwa ajili ya baraka.

Jioni. Bi Amtulla amerudi. Simu haimsikii tena hata akiibonyeza kwa kifundo cha kidole. Lakini yenyewe inajibonyeza vilevile. Alisema jana alikuwa na simu kichaa, leo ana simu kichaa na kiziwi. Umair aliinama kwenye hadubini yake. Mabega yalikuwa yakitikisika.

Ushindi mdogo: Mwende alisikia mkasa wote kutoka ng'ambo akacheka mpaka akashika meza. Ana kicheko kizuri sana. Na aliyekisababisha ni nani?

Jumatano, 10 Septemba

Nimegundua! Ni chaja!

Nilibandua protekta zote (ya mwisho ilitoka na kucha yangu). Nikachomoa chaja. Simu ikatulia kiasi. Nikachomeka, ikafungua kamera ikampiga Bwana Ghulam picha ya tundu za pua. Nikachomoa, ikatulia. Nikachomeka, pua. Jambo likawa wazi. Nikasimama katikati ya duka, wateja tele, nikaiinua ile chaja juu. Nikatangaza kwamba hii ni takataka, inatapika umeme mchafu, na aliyemuuzia mama wa watu kitu hiki atakwenda kujibu.

Aliyemuuzia ni Bwana Ghulam. Nyingine za aina ileile zilikuwa zinaning'inia juu ya kichwa changu.

Wateja wawili walirudisha walizokuwa wameshika. Mmoja alitaka kurudisha aliyoinunua mwaka jana. Bwana Ghulam hakupaza sauti. Alinitazama, akalitazama pipa, akautazama mlango. Kisha akauliza kwa upole, Kaingu, wataka meza au wataka barabara?

Nilisema nataka meza. Nikaongeza kwamba chaja zake ni nzuri sana ila zina nguvu kupita kiasi, si kila simu inazistahimili. Mteja mmoja akanunua mbili. Nilijiona nimeokoa duka. Bwana Ghulam hakuona hivyo, na simu imepewa Umair.

Kwa muda tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Umair ana simu. Hajaifungua. Nilimkumbusha Bwana Ghulam kwamba ikifunguliwa tena gundi itaachia na mvuke wa jikoni utaingia. Gundi yangu haijawahi kuzuia hata jasho, lakini hilo halikuulizwa.

Mchana kutwa amekuwa akibadilisha picha tu. Kazi gani hii? Bi Amtulla huuza leso nyumbani, na tangu Lamis aposwe picha inayotokea ukiwasha simu yake ni ya kisutu, ile leso ya maharusi: vijumba na vidoa vyeusi, vyeupe, vyekundu, vidogo vidogo mpaka macho yanacheza. Umair alitazama kisutu. Kisha akaweka picha ya mawingu. Kisha giza tupu. Kisha kisutu tena. Akaniita nije nione, akasema kaka Kaingu, tofauti ni kubwa ajabu. Akaeleza kitu kuhusu vijumba vyeusi na vyeupe vinavyopokezana, na kitu kuhusu giza. Sikusikiliza. Mwende alikuwa anapanga viazi kwenye sinia, na huwa anavipanga vizuri mno.

Nilichosikia ni mwisho. Umair anashuku kuna kitu hakimo ndani ya simu. Ameagiza karatasi ya shaba kutoka Nairobi na itafika Jumatatu.

Jumatatu! Na harusi inaamuliwa Jumamosi! Bwana Ghulam alishika kichwa. Aliuliza kama Mombasa nzima hakuna mtu mwenye kipande. Umair akasema ameuliza kote mpaka Tudor. Mimi nikalisukuma bati la biskuti kwa mguu mpaka nyuma ya pipa.

Naam, ningeweza kumpa kipande kimoja. Lakini nimebakiza herufi chache, na mwanamume haachi jina lake nusu. Isitoshe ni pambo tu. Ningekuwa ninamdanganya.

Ijumaa, 12 Septemba

SIKU YA USHINDI.

Saa ya sala Bwana Ghulam na Umair walikwenda msikitini, nami nikaachiwa duka, na simu. Nia yangu ilikuwa moja tu. Kesho Bi Munazza ataiona simu hii. Bi Munazza ana jamaa wengi, na jamaa wale wana simu. Basi ajue fundi ni nani! Nikaunda picha ya heshima, nyeusi tii kutoka juu hadi chini, mtindo wa kadi za wakubwa. Pembeni kabisa, chini, nikatia uso wangu mdogo, ile picha ya ubatizo wa mtoto wa dada yangu nilipovaa tai. Na jina: FUNDI KAINGU. Nikaondoa kisutu, nikajiweka mimi.

Nikaichomeka chaja nione ninavyokaa. Nikangoja ijibonyeze. Haikujibonyeza. Nikala mahamri. Bado. Nikaisogeza karibu na feni, nikaitukana kidogo. Kimya! Watu wakarudi kutoka msikitini wakaikuta imelala fofofo, imeshika chaja yake kwa adabu.

Nimeelewa sasa. Inaniogopa. Mtoto mtundu hutulia akimwona baba amesimama mlangoni.

Bwana Ghulam alinishika bega, akaniita mwanangu. Mwanangu! Umair aliitazama picha, akanitazama mimi, akakaa chini. Alisema si uso, ni giza. Kioo cha OLED kikionyesha weusi kinakuwa kimejizima, ngoma imenyamaza, nyaya zinasikia vizuri. Picha yoyote nyeusi ingefanya vivyo hivyo. Nikamuuliza, mbona basi hakuiweka yeye? Akasema alinieleza jana na alidhani namsikiliza.

Ati! Wivu hauna dawa Nairobi wala Mombasa.

Bi Amtulla alipokuja kuichukua, Umair akamwonya mbele yangu. Ugonjwa haujatoka, alisema, umelala tu. Shangazi asifungue picha yenye vijumba vidogo simu ikiwa kwenye chaja. Nikaingilia kati. Nilimwambia Bi Amtulla afungue chochote roho yake ipendacho, fundi wake yupo na anamtazama kutoka humo ndani. Bi Amtulla alifurahi sana. Amenialika chakula cha kesho, nikae karibu na simu kwa usalama.

Nimepiga pasi shati. Tai ni ileile ya kwenye picha, ili simu isichanganyikiwe.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike pole pole, kwa mpango, nisiruke kitu.

Nyumba ya Bwana Ghulam iko Mji wa Kale, ghorofani. Wanaume tulikaa chumba cha mbele, wanawake upande wa pili wa pazia, jiko likifuata. Sinia moja kubwa, sote tumeizunguka. Kwao mtu huanza kwa kuonja chumvi. Mimi nilianza kwa sambusa. Umair alinisogezea kibakuli cha chumvi. Nikaonja nyingi, kufidia.

Bi Munazza akafika. Hatukumwona, tulimsikia. Alisalimu kwa ufupi. Aliambiwa aketi, akasema amezoea kusimama. Aliambiwa ale, akasema alikula kwake, viazi. Bwana Ghulam aliacha kutafuna, tonge likabaki shavuni.

Simu ilikuwa jikoni, kwenye chaja, chini ya ulinzi wa uso wangu. Hapo nikamsikia Lamis akimwambia mamake kwamba amemtumia picha ya kisutu alichokichagua kwa siku ya hina, aitazame kwa ukubwa. Bi Amtulla akaenda kutazama. Akasema kizuri, mashaallah. Akaiacha simu pale ikiwa wazi, akageukia sufuria.

Umair akaweka sambusa chini. Alininong'oneza, kaka Kaingu, ile picha. Nikamwambia ale chakula.

Simu ya Bi Munazza ikalia.

Kisha nikamsikia akisema, kwa sauti ya mtu aliyemshika mwizi mkono, kwamba tazameni, ananipigia kutoka jikoni, haya leo tusikie nyote ninavyosemwa. Akaweka spika.

Niliona meza inaniondoka. Niliona ngazi, niliona pipa, nikauona mgongo wa Umair miaka yote iliyosalia ya maisha yangu. Na nilimwona Lamis pia, nusu yake tu, pembeni mwa pazia. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Ndipo nikaogopa kweli, na si kwa ajili ya meza.

Sauti ya Bi Amtulla ikajaa nyumba. Alikuwa akilia, akimwambia dada yake. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia:

"Imeungua, dada. Nalitaka kumshinda leo kwa biriani, na imeniungua. Viazi vyake nalivicheka, na vyangu vimekuwa mawe. Lakini siililii biriani. Namlilia Lamis. Nani atamwamsha asubuhi, mtoto hajui kuamka? Namshukuru Mungu ni kwa Munazza aendako. Yule ulimi wake mkali kama wangu, lakini mtoto akiumwa halali. Nalimkosea, nami sijui nimwambieje."

Bwana Ghulam alikuwa akikitazama kibakuli cha chumvi. Mimi machozi yalinitoka, na si kwa pilipili. Mamangu alilia hivyohivyo dada yangu alipoolewa, akatuambia ni moshi wa kuni.

Pazia likapepea. Bi Munazza alipita kwa kasi akaingia jikoni. Tukasikia kilio cha pili kikijiunga na cha kwanza. Kisha sufuria ikafunuliwa, na Bi Munazza akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hii haijaungua, imeshika chini tu, leteni sinia. Kisha wakacheka wote wawili, na Lamis akawakimbilia.

Mwishowe biriani ikaletwa, na Bi Munazza akauliza ni nani aliyeitengeneza simu hii isemayo kweli. Lamis akaifunga ile picha ya kisutu. Na pale, ndani ya giza, nilikuwa mimi na tai yangu.

Nikasimama. Nilisema ndiyo, ni mimi, na niliitega hivyo kwa makusudi. Mabaya iyazuie, mema iyapitishe. Umair alipaliwa na wali. Nikampiga mgongoni kwa upendo.

Bi Amtulla alikwisha kumweleza mambo ya pipa na ya meza. Bi Munazza akasema kutoka upande wake wa pazia kwamba fundi wa namna hii hakai gizani. Bwana Ghulam alinitazama kitambo. Nadhani bado alikuwa akiikumbuka chaja. Kisha akasema meza ni yangu.

MEZA NI YANGU! Tulikula ile biriani mpaka ukoko. Mwisho wa chakula huonjwa chumvi tena, na safari hii nilikuwa wa kwanza.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani nilikaa safu ya mbele. Mahubiri yalihusu watu wanaojikweza. Mazuri sana. Nilikuwa nikigeuka mara kwa mara kuhakikisha Tony wa kwaya, yule mwenye kujisifu, anasikiliza.

Mchana nilihamisha vitu vyangu dukani. Umair alikuja kunisaidia kubeba meza ya zamani, kijana muungwana, hilo nalikubali. Alipolisogeza pipa akaliona bati la biskuti. Aliuliza mna nini. Nikamwambia biskuti. Akaomba moja. Nikamwambia zimeisha. Alilitikisa kidogo, akasikiliza, akanirudishia. Ana adabu, ila hajui kupigania jambo.

Jumatatu, 22 Septemba

Harusi imepita salama, Bi Munazza alipika mwenyewe na nyama ilionekana bila tochi. Tena mambo yangu yamenyooka kuliko nilivyoomba.

Kibao kimepanda! FUNDI KAINGU, herufi za shaba, juu ya mlango. Jua la asubuhi likikipiga, madereva wa tuk-tuk wanakunja uso. Kasoro moja tu: ile U ya mwisho ilikosa mguu mmoja. Bati liliisha pale. Iliniuma usiku kucha.

Na wateja! Foleni imefika kwa muuza kahawa. Wote ni watu wangu wa zamani, kila mmoja niliwahi kumbadilishia kioo. Yule wa wakati wa Ramadhani, huyu wa Krismasi. Na simu zao zote zinajibonyeza! Mmoja simu yake imemwandikia bosi wake herufi K ukurasa mzima. Mwingine imemtumia mchumba wa zamani picha ya moyo, akiwa na mkewe kitandani. Nadhani ni unyevu wa mwaka huu. Lakini tazama uaminifu wa watu: wamepatwa na janga, na wote wamerudi kwangu! Bwana Ghulam alisimama mlangoni akiitazama foleni, akanitazama mimi, akakitazama kibao kwa muda mrefu. Fahari ilimnyima maneno.

Kila mmoja namtilia giza na uso wangu, anaendelea na safari yake. Cha ajabu, safari yenyewe haitoki nje. Wakishatoka kwangu wanaelekea ndani, kwa Umair, na huko wanakawia. Bi Amtulla naye leo alinisalimia vizuri kabisa, akaniulizia mamangu, kisha akapita moja kwa moja hadi kwenye pipa. Umair ana ile bahasha yake ya Nairobi, na anawabandikia watu kitu kinachong'aa. Wanatoka wakitabasamu. Nimechungulia simu zao: uso wangu umeondolewa, na Bi Amtulla amerudisha kisutu. Na simu zimetulia, kwa kuwa ziliniona kwanza. Watu wa Mombasa wana huruma. Wanampitia kijana wa watu huko gizani wampe moyo. Siwazuii.

Halafu, mchana, Mwende!

Alivuka mwenyewe, mikono ina unga wa dengu, simu kaishika kwa leso. Ilimwangukia, kioo kimepasuka toka pembe hadi pembe. OLED! Alisema Umair ana foleni ndefu, basi atengenezewe hapahapa, na nisimcheleweshe, mafuta yako motoni. Nilimwambia kwake yeye hakuna foleni. Nikafungua. Na ndani, jamani, karatasi ya shaba. Safi, ndefu, upana uleule wa herufi zangu. Mguu wa U! Kuna mambo yameandikwa.

Nikaibandua pole pole kwa kibano. Nikatia kioo kipya. Nikaweka namba yangu juu kabisa ya namba zake zote, kwa dharura, na uso wangu kwenye giza. Mwende alisema uso huo hautafika ng'ambo ya barabara, atauondoa aweke picha ya viazi vyake na bei. Ana utani sana.

Nilipanda kiti, nikabandika mguu. Jina limetimia.

Sasa hivi nilikuwa nakitazama kibao kwa chini, simu yangu ikalia. Mwende! Nikapokea, nikasema naam. Hakusema kitu. Nasikia mafuta yakichemka tu, na yeye akimwambia mtu asubiri, viazi havijaiva. Akakata. Akapiga tena. Kimya, mafuta. Nikatazama ng'ambo. Amesimama kwenye karai, mikono yote miwili ina kazi, simu iko kwenye chaja kando ya chumvi, wala hanitazami. Haya iliyoje! Mwanamke aliyelelewa vizuri.

Jumapili nitampeleka ufukweni, pale Mama Ngina, tukale mihogo ya kukaanga. Sina haja ya kumuuliza. Inalia tena hapa naandika. Masikini Mwende, mapenzi yamemshika vibaya.